Picha za setilaiti na msitu wa Kaptagat: Kompyuta huonyesha tofauti, mwanadamu huamua maana yake

WANARIADHA wanaofanya mazoezi Kaptagat, mahali ambapo Eliud Kipchoge alijinoa kwa miaka mingi chini ya kocha Patrick Sang, huanza kukimbia alfajiri kwenye barabara za udongo mwekundu zinazopita katikati ya miti. Aliyezikimbia barabara hizo kwa muda mrefu anajua jambo moja ambalo mgeni hawezi kulijua: msitu huo haukai na sura moja.

Mahali palipokuwa na misonobari mirefu mwaka mmoja huwa shamba la viazi mwaka unaofuata. Miaka michache baadaye, viazi hutoweka na mahali pake hushikwa na miche ya saipresi. Kwingineko, ndani zaidi, mtarakwa wa asili uliosimama tangu enzi za mababu hukatwa usiku na kubaki kisiki.

Kwa macho ya mpita njia, yote hayo ni ukataji miti. Kwa mujibu wa sheria, moja linaweza kuwa uvunaji halali na jingine ni wizi. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha ubishi ambao umekuwa ukizuka mara kwa mara kati ya wenyeji, wanaharakati wa mazingira na walinzi wa misitu, kila upande ukidai kwamba macho yake ndiyo yaliyoona kweli.

Katika miaka ya karibuni, ubishi huo umepata shahidi mpya, nao ni picha zinazopigwa na setilaiti. Picha hizo hutolewa bila malipo, na programu za kompyuta za kuzilinganisha pia hazina malipo. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti anaweza kuweka picha ya Kaptagat ya mwaka 2018 juu ya picha ya mwaka huu na kuona kila kipande kilichobadilika.

Lakini shahidi huyo ana upungufu ambao msomaji anapaswa kuufahamu kabla ya kumwamini. Hueleza kwa usahihi mahali palipobadilika, ila hana uwezo wa kusema kama badiliko hilo lilistahili kutokea.

Mbinu iliyoanzia kwenye meza za mafundi

Kulinganisha picha kwa kompyuta si kazi ya wataalamu wa misitu pekee. Watengenezaji wa tovuti huifanya kila siku, na utaratibu wao unasaidia kuelewa yanayofanyika Kaptagat.

Fundi anaporekebisha sehemu moja ya tovuti, huhofia kwamba ameharibu nyingine bila kujua. Kwa sababu hiyo, huhifadhi picha ya ukurasa ulivyokuwa ulipokuwa sawa. Picha hiyo ndiyo kielelezo. Baada ya marekebisho, kompyuta hupiga picha nyingine ya ukurasa huo huo, kisha programu huziweka picha hizo mbili moja juu ya nyingine na kupaka rangi, mara nyingi nyekundu, kila mahali zinapotofautiana.

Zipo programu huria nyingi za kazi hiyo, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. ImageMagick, iliyoanza kuandikwa na John Cristy mwaka 1987 na kutolewa kwa umma 1990, ina amri maalumu ya kulinganisha picha mbili. OpenCV, iliyoanzishwa na kampuni ya Intel mwaka 1999, hutumiwa na watafiti kote duniani. Kwa tovuti, BackstopJS na pixelmatch ni miongoni mwa zinazojulikana sana.

Programu zote hizo huishia mahali pamoja. Zikishapaka rangi nyekundu, hunyamaza. Fundi ndiye anayetazama na kuamua. Ikiwa badiliko lilikusudiwa, picha mpya huidhinishwa kuwa kielelezo cha siku zijazo. Ikiwa halikukusudiwa, hiyo ni kasoro na lazima itafutiwe chanzo.

Hivyo basi, kazi hiyo huhitaji mambo matatu: picha ya awali, picha ya sasa, na mtu anayejua nini kilipaswa kubadilika. Mafundi wa tovuti wanayo yote matatu. Kwa msitu wa Kaptagat, mawili ya kwanza yanapatikana bure, na la tatu ndilo gumu.

Msitu wa namna mbili

Ugumu huo unatokana na historia ya msitu wenyewe. Kaptagat iko umbali wa takriban kilomita 25 kusini mashariki mwa mji wa Eldoret, katika nyanda za juu zinazopakana na ukingo wa Bonde la Kerio. Eneo hilo liko mpakani mwa kaunti za Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet. Maji ya upande wa magharibi huteremka kuelekea mto Sosiani unaopita Eldoret na hatimaye Ziwa Victoria, ilhali ya upande wa mashariki huteremkia bondeni kwenye mto Kerio, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Turkana.

Ndani ya msitu huo mna miti ya namna mbili. Kuna msitu wa asili wenye mitarakwa, podo na mizeituni mwitu, ambao unatakiwa kubaki ulivyo. Aidha kuna mashamba ya miti ya kigeni, hasa saipresi na misonobari, yaliyopandwa ili yavunwe. Saipresi ya mbao huchukua takriban miaka 30 kukomaa, kisha kitalu kizima hukatwa kwa pamoja na kupandwa upya.

Kitalu kikishakatwa, wenyeji waliosajiliwa katika vyama vya jamii vya uhifadhi wa misitu huruhusiwa kulima mimea ya chakula katikati ya miche kwa miaka mitatu hivi, hadi miche inapokuwa mikubwa na kufunika ardhi kwa kivuli. Huo ndio utaratibu uliojulikana tangu ukoloni kama mfumo wa shamba. Ulipigwa marufuku mwaka 2003 wakulima walipofurushwa misituni, kisha ukarejeshwa kwa jina jipya la PELIS baada ya Sheria ya Misitu ya 2005.

Uvunaji nao umekuwa ukifungwa na kufunguliwa. Serikali ilizuia ukataji miti katika misitu ya umma mwaka 1999. Mnamo Februari 2018 ikatangaza marufuku mengine, awali ya siku 90, ambayo yaliendelea kuongezwa hadi Rais William Ruto alipotangaza kuyaondoa Julai 2023. Tangazo hilo nalo lilipingwa mahakamani.

Kwa mwenye kiwanda cha mbao Eldoret, maamuzi hayo ni suala la ajira. Kwa mkulima wa PELIS, ni suala la viazi vya kulisha familia. Kwa wakazi wa mji wanaofungua mfereji asubuhi, ni suala la maji. Ndiyo sababu swali la nani amekata nini, na wapi, si la kitaalamu tu.

Picha zinatoka wapi

Setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat wa Marekani ilirushwa Julai 23, 1972. Tangu miaka ya 1980, setilaiti za mfululizo huo zimekuwa zikipiga picha ambazo kila nukta yake, yaani pikseli, huwakilisha kipande cha ardhi chenye upana na urefu wa mita 30. Hilo ni eneo la mita 900 za mraba, chini kidogo ya robo ekari.

Kwa muda mrefu picha hizo ziliuzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, picha moja ya Landsat 7 iligharimu dola 600, kiasi ambacho hakuna chama cha kijiji kingeweza kumudu. Mwaka 2008, Marekani ilifungua ghala lake lote kwa umma bila malipo. Leo Landsat 8, iliyorushwa 2013, na Landsat 9, iliyorushwa 2021, hupita kwa zamu juu ya mahali pamoja kila baada ya siku nane.

Nchi za Ulaya zilifuata mkondo huo. Setilaiti ya Sentinel-2A ilirushwa Juni 2015 na 2B Machi 2017. Pikseli zao bora zina upana wa mita 10, kwa hivyo ekari moja huonyeshwa kwa nukta 40 hivi badala ya nne au tano.

Kenya pia haikubaki nyuma. Kituo cha kanda cha uchoraji ramani za rasilimali, RCMRD, kilicho Kasarani jijini Nairobi, kimekuwepo tangu 1975. Mnamo Aprili 15, 2023, setilaiti ya Taifa-1, ya kwanza ya nchi hii kwa kazi ya kuchunguza ardhi, ilirushwa kutoka California kwa roketi ya SpaceX.

Programu za kuzisoma picha hizo zipo pia bila malipo. QGIS, iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, hufanya kazi kwenye kompyuta ya mapajani ya kawaida. GRASS, iliyoanza kutengenezwa na wahandisi wa jeshi la Marekani mapema miaka ya 1980, na Orfeo Toolbox ya shirika la anga za juu la Ufaransa, zina vifaa vya kulinganisha picha za nyakati tofauti. Mradi wa Digital Earth Africa nao umeziweka picha za bara zima zikiwa tayari zimesafishwa kwa ajili ya uchunguzi.

Kompyuta hulinganishaje?

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba picha mbili zimekaa sawasawa, kila nukta juu ya nyingine inayowakilisha ardhi ile ile. Picha moja ikisogea kwa pikseli moja tu, kompyuta itadhani kwamba kila ukingo wa msitu, kila barabara na kila ua umebadilika. Mafundi wa tovuti hukumbwa na tatizo hilo hilo: neno moja likisogea kidogo, ukurasa mzima huonekana mwekundu.

Hatua ya pili ni kupima kiasi cha majani. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao jicho la mwanadamu haliuoni lakini setilaiti huuona. Wataalamu huchukua kiasi cha infraredi, hutoa kiasi cha mwekundu, kisha hugawanya jibu kwa jumla ya viwili hivyo. Matokeo huitwa NDVI.

Tuchukue mfano. Kipande cha msitu kinarudisha asilimia 40 ya infraredi na asilimia 4 ya mwanga mwekundu. Tofauti ni 36, jumla ni 44, na kipimo ni 0.82. Miti ikikatwa na udongo kuachwa wazi, kipande hicho kinaweza kurudisha asilimia 25 ya infraredi na 15 ya mwekundu. Tofauti ni 10, jumla ni 40, na kipimo hushuka hadi 0.25.

Hatua ya tatu ni kutoa kipimo cha pili kutoka kwa cha kwanza. Katika mfano huu, kipande kimepoteza 0.57.

Hatua ya nne ndiyo yenye utata: ni pengo la kiasi gani litakalohesabiwa kuwa badiliko? Kiwango hicho ni kama matundu ya chekecheke. Matundu yakiwa madogo mno, kila jani lililonyauka kwa kiangazi huzuiwa na kuitwa uharibifu, na mlinzi wa msitu huitwa mara mia kwa jambo ambalo halipo. Yakiwa makubwa mno, ekari nzima hupenya bila kuonekana. Hakuna kiwango kimoja kinachofaa misitu yote, na anayekichagua anapaswa kusema wazi amechagua kipi na kwa nini.

Mitego inayowanasa wengi

Mtego wa kwanza ni mawingu. Nyanda za juu za Kaptagat hupata mvua kuanzia Machi au Aprili hadi Septemba hivi, na katika miezi hiyo setilaiti huona pamba nyeupe tu. Kivuli cha wingu nacho hufanya msitu mzima uonekane kama uliokufa. Zipo programu za kuondoa mawingu na vivuli, ingawa huacha mapengo. Setilaiti za rada, kama Sentinel-1 iliyoanza kurushwa mwaka 2014, hupenya mawingu, lakini picha zake zinahitaji ujuzi mwingine kuzisoma.

Mtego wa pili ni majira, nao ndio unaowapotosha wengi zaidi. Mwezi Julai, mahindi yaliyostawi kwenye shamba lililokatwa miti hurudisha mwanga kwa namna inayokaribiana sana na miti. Atakayelinganisha Julai na Julai anaweza kutangaza kwamba msitu haujaguswa, ilhali hakuna mti hata mmoja uliosalia.

Mwezi Februari hali hubadilika. Mahindi yameshavunwa, viazi vimeng'olewa, mashamba yako wazi na mawingu ni haba. Saipresi na mitarakwa hubaki na majani yake mwaka mzima. Kwa hivyo Februari ikilinganishwa na Februari, shamba na msitu hutengana bila shaka kubwa. Aliyelinganisha Julai na Februari, kwa upande mwingine, atapata tofauti kubwa hata kama hakuna shoka lililoinuliwa.

Mtego wa tatu ni ukubwa wa pikseli. Mtarakwa mmoja ukiibwa katikati ya msitu mnene, majani ya miti jirani hufunika pengo, na pikseli ya mita 30 haibadiliki kwa kiasi cha kutambulika. Wezi wanaochagua mti mmoja mmoja, pamoja na wachomaji makaa walio chini ya kivuli, wanaweza kukwepa jicho la angani kwa miaka. Picha isiyoonyesha tofauti si uthibitisho kwamba hakuna kilichoibwa.

Upotevu wa miti si lazima uwe uharibifu

Februari 2014, taasisi ya World Resources Institute ilizindua Global Forest Watch, ambayo humwezesha mtu yeyote kutazama mabadiliko ya misitu duniani. Ramani zake za upotevu wa miti, zinazoanzia mwaka 2001, hutokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Maryland iliyochapishwa mwaka 2013 ikiongozwa na Matthew Hansen.

Katika ramani hizo, mti ni mmea wowote unaozidi urefu wa mita tano. Upotevu ni kuondolewa kwa miti hiyo kwa sababu yoyote ile: moto, wizi, ugonjwa au uvunaji halali. Waliozitengeneza wenyewe huonya kwamba upotevu si sawa na ukataji haramu. Lakini onyo hilo husahaulika haraka takwimu zinapofika kwenye mikutano ya hadhara.

Kwa msitu kama Kaptagat, tahadhari hiyo ni muhimu mno. Kitalu cha saipresi cha miaka 30 kikivunwa kwa kibali, ramani hung'aa kwa rangi ile ile ambayo ingeng'aa iwapo msitu wa asili ungefyekwa. Anayetaka kumlaumu afisa wa misitu ana picha ya kumlaumia. Vivyo hivyo, afisa anayetaka kuficha wizi anaweza kudai kwamba kila doa ni kitalu kilichokomaa. Picha peke yake haiwezi kumhukumu yeyote kati yao.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi mara nyingi. Setilaiti huona mti ulioanguka mara inapopita kukiwa hakuna wingu, lakini mche uliopandwa huchukua miaka kabla ya kuutofautisha na magugu au viazi vinavyouzunguka.

Tangu 2017, mpango wa uhifadhi wa Kaptagat ulioasisiwa na Dkt Chris Kiptoo, aliyewahi kuwa Katibu wa Wizara ya Mazingira, umekuwa ukiwaleta pamoja maafisa wa serikali, mashirika na wenyeji kila mwaka kupanda miche. Wakfu wa Eliud Kipchoge, ulioanzishwa 2021, nao umeweka uhifadhi wa misitu miongoni mwa malengo yake makuu, pamoja na elimu.

Kitaifa, serikali imeahidi kupanda miti bilioni 15 na kufikisha eneo lenye miti hadi asilimia 30 ya nchi ifikapo 2032. Ripoti ya tathmini ya rasilimali za misitu ya 2021 ilionyesha kwamba eneo lenye miti lilikuwa asilimia 12.13, na misitu yenyewe asilimia 8.83. Tofauti ya takwimu hizo mbili ni miti iliyo mashambani na kwingineko ambayo haifikii maana ya msitu.

Idadi ya miche iliyopandwa siku ya sherehe haiwezi kuthibitishwa kwa picha ya mwaka huo. Inayoweza kuthibitishwa ni miche iliyosalia baada ya miaka mitano au zaidi. Hapo ndipo mlinganisho wa picha hugeuka kuwa chombo cha kudai uwajibikaji: sehemu iliyotangazwa kupandwa miti 2018 inapaswa, kufikia sasa, kuonekana imefunikwa Februari hadi Februari. Isipoonekana hivyo, kuna swali linalohitaji jibu.

Kutoka picha mbili hadi picha mia

Ili kupunguza makosa, watafiti wameacha kutegemea picha mbili tu. Mbinu mpya hufuata kila nukta kwa miaka mingi, picha baada ya picha, kama daktari anayesoma chati ya joto la mgonjwa badala ya kumpima mara moja.

Programu huria ya BFAST, ambayo ilitangazwa mwaka 2010, hujifunza kwanza mwendo wa kawaida wa nukta: kijani hupanda wakati wa mvua na kushuka wakati wa kiangazi. Badiliko linalofuata mwendo huo halihesabiwi. Linalouvunja ghafla ndilo hutiwa alama, pamoja na tarehe lilipotokea. LandTrendr, iliyotokea pia mwaka huo, hufuata mwelekeo wa mwaka hadi mwaka na ni hodari wa kuonyesha msitu unaopona polepole.

Kwa Kaptagat, mbinu hizo zina faida ya pekee. Historia ya nukta ya kitalu cha saipresi ina umbo lake: hukaa juu kwa miaka mingi, huanguka ghafla, huyumba na misimu ya mazao kwa miaka mitatu hivi, kisha hupanda taratibu. Msitu wa asili uliogeuzwa shamba huanguka, kisha huendelea kuyumba na mazao mwaka baada ya mwaka bila kupanda tena. Vivyo hivyo kwa kitalu ambacho wakulima walibaki baada ya muda wao kwisha, au ambacho miche yake iling'olewa kisiri ili viazi viendelee.

Hata hivyo, utambuzi huo huja baada ya miaka. Anayetaka kumzuia mwizi leo hawezi kuusubiri.

Kielelezo kinachokosekana

Hapo ndipo mfano wa fundi wa tovuti unaporejea. Fundi hujua kama badiliko lilikusudiwa kwa sababu ana kielelezo cha kile kinachotakiwa kuwepo. Kwa msitu wa umma, kielelezo hicho si picha. Ni ramani ya vitalu, inayoonyesha ni wapi palipandwa miti ya kuvunwa, mwaka gani, ni wapi pana msitu wa asili, na kitalu kipi kimepangwa kukatwa mwaka upi.

Kumbukumbu za vitalu na mipango ya uvunaji ni kazi ya kila siku ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Aidha, sheria ya misitu ya 2016 inatambua mipango ya usimamizi inayoandaliwa kwa ushirikiano na vyama vya jamii. Mwananchi akiwa na ramani ya vitalu mkononi, kila doa jekundu kwenye picha hupata maana. Doa lililo ndani ya kitalu kilichopangiwa kuvunwa mwaka huo ni badiliko lililokusudiwa. Doa lililo nje ya kitalu chochote, au ndani ya kitalu cha miaka 12, ni kasoro inayostahili kuchunguzwa siku hiyo hiyo.

Katiba ya 2010 inampa kila raia, kupitia kifungu cha 35, haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kutekeleza haki hiyo ilipitishwa 2016. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali kufanya juhudi za kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Kwa hivyo kuomba ramani ya vitalu si kuomba hisani.

Eneo hili halikosi watu wa kuifanya kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Moi kilianza masomo mwaka 1984 na wanafunzi wa misitu waliohamishwa kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, na bewa lake la Chepkoilel limekuwa Chuo Kikuu cha Eldoret tangu 2013. Vijana wanaosomea kompyuta na vijana wanaosomea misitu wanapatikana katika kaunti hiyo moja. Chama cha jamii kinachoweza kumpata kijana mmoja wa kila aina kwa siku mbili kila Februari kinaweza kuwa na ripoti yake chenyewe.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Picha ya Februari iliyopita na ya Februari hii hupakuliwa. Mawingu huondolewa. Vipimo hutolewa kimoja kwa kingine. Madoa yanayobaki huwekwa juu ya ramani ya vitalu. Yale yasiyoelezeka huandikwa kwenye orodha pamoja na mahali yalipo, na watu wawili au watatu, akiwemo mlinzi wa msitu, hutembea hadi pale. Programu ya simu ya Forest Watcher inaweza kuwaongoza hata mahali pasipo na mtandao.

Wanachokikuta kinapaswa kuandikwa, kiwe kizuri au kibaya. Madoa 20 yakitembelewa na 14 yakawa uvunaji halali, hesabu hiyo itangazwe pamoja na sita yaliyobaki. Ripoti inayoonyesha makosa yake huaminika hata na anayelaumiwa, na itampa chifu, mahakama au mwandishi wa habari msingi wa kuuliza maswali.

Kwa jinsi hiyo, mwanachama wa kijiji huacha kuwa mlalamishi asiye na ushahidi, na mlinzi mwaminifu hupata kinga dhidi ya shutuma za uongo. Mwizi naye hujua kwamba kila Februari kuna mtu anayeketi mbele ya kompyuta, na mwingine anayevaa viatu vya kuingia msituni.

Setilaiti zitaendelea kupita juu ya Kaptagat, na picha zake zitaendelea kupatikana bure. Kinachosubiriwa ni ramani ya vitalu iwekwe mahali ambapo kila mkazi anaweza kuiona.